Kofi Lisilogusa Shavu

Nilianguka mbele ya wazazi wote wa shule, siku ya michezo, kwenye mbio za magunia za walimu. Gunia langu lilikuwa fupi, na mwalimu wa hisabati alinikatia njia, mguu ukanasa, nikaenda chini. Lakini mwili ulikumbuka kitu ambacho mimi nilikuwa nimekiweka kando. Kabla sijatambua kwamba naanguka, kidevu kilishaingia kifuani, bega likatangulia, nikabiringika pamoja na gunia langu na kuibuka upande wa pili nimesimama wima, nikaendelea kuruka. Sikushinda mbio zile. Lakini wanafunzi walipiga kelele mpaka mkuu wa shule akanyanyuka kitini kuangalia kuna nini.

Wakati wa chai mwanamke mmoja wa makamo alinifuata chini ya turubai. Alivaa baibui, na miwani yake ilining'inia shingoni kwa kamba. Nilimjua kwa sura. Pale Kilwa Masoko nani asiyemjua? Alikuwa fundi cherehani karibu na soko, ndiye pia aliyetunga nyimbo nyingi za harusi zinazoimbwa mjini, na watu wote, wakubwa kwa wadogo, walimwita Shangazi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, Mwalimu. Pole kwa kuanguka. Ila wewe pale hukuanguka."

"Si umeniona mwenyewe, Shangazi?"

"Nimekuona. Mtu akianguka hufika chini kama gunia la chumvi. Wewe ulishuka. Nani alikufundisha?"

Nikacheka, nikamwambia ukweli. Nilizaliwa Lindi mjini, na nilipokuwa darasa la tano pumu ilinisumbua sana. Mtu fulani alimwambia baba kwamba mazoezi yatanifungua kifua, basi baba akanipeleka kwa karani mmoja wa bandari aliyekuwa akifundisha karate jioni kwenye ukumbi mtupu. Nilikuwa msichana peke yangu. Pumu ilipungua, lakini mimi sikuacha. Niliendelea mpaka nikamaliza kidato cha sita, nikaenda chuo, nikapangiwa kazi Masoko, na zile nguo nyeupe zikalala chini kabisa ya sanduku. Hakuna aliyeniuliza habari zake, nami sikuona sababu ya kuzitaja. Mwalimu wa kike wa Kiswahili, mvaa ushungi, ataanzia wapi kusema kwamba anajua kupiga teke?

Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, miwani ikiwa puani sasa.

"Basi Mungu amekuleta," alisema. "Nina vita, na sina mtu wa kunipigania. Kesho baada ya alasiri njoo kwenye ghala la bandarini."

*

Vita yenyewe ilikuwa ndani ya igizo. Shangazi alikuwa na kikundi cha sanaa, na kwa muda mrefu walikuwa wakipiga ngoma na kuimba kwenye harusi na sikukuu. Safari hii alitaka kitu kikubwa: igizo lote liimbwe, mwanzo mpaka mwisho. Alikuwa ametunga kisa cha bwana mkubwa wa zamani aliyemchukua binti wa watu kwa nguvu na kumfungia ndani. Mdogo wake yule binti anashuka kutoka vilimani kuja kumtoa. Mlangoni anamkuta mlinzi, naye ni lazima apigane naye kwa fimbo.

Nilikaa kwenye debe lililogeuzwa, nikatazama. Nyimbo zilinisimamisha nywele. Aliyecheza mdogo mtu alikuwa msichana kutoka Likawage, huko ndani kabisa, ambaye alikuja Masoko kumsaidia mama yake mdogo kuuza chai na chapati sokoni. Jumapili aliimba kwaya ya parokia. Sauti yake ilipanda kwenye mabati ya lile ghala na kurudi, mpaka ungedhani wako wawili. Mlinzi alikuwa mvuvi wa Kivinje, kijana wa kifua kipana, mpole kupita kiasi, mwenye sauti nzito ya kubembeleza. Wakiimba kwa kupokezana, wapiga ngoma walifumba macho.

Kisha wakapigana.

Sijui niseme nini. Walishikana mikono, wakasukumana huku, wakasukumana kule. Yule msichana alicheka. Mvuvi akatikisa fimbo hewani kama anafukuza nzi, ikamshukia msichana kwenye vidole, naye akaacha kucheka akaanza kulia kweli. Mvuvi akatupa fimbo chini.

"Samahani dada! Wallahi samahani! Nimekuumiza?" Naye machozi yalikuwa karibu.

Shangazi akanigeukia. "Umeona?"

"Nimeona. Wanapigana kama watu wanaokunja shuka."

Ghala zima likaangua kicheko, hata yule msichana aliyekuwa akinyonya vidole vyake. Nami nikajikuta nimesimama, nimeshavua viatu, nimeingia katikati yao. Sikupanga. Nilimshika mvuvi bega, nikamzungusha, nikampa fimbo mkononi, nikamwonyesha miguu ikae wapi. Nilipofika nyumbani magharibi nilifungua sanduku, nikazitoa zile nguo nyeupe, nikazikung'uta. Zilinuka uvundo wa sanduku. Nilizivaa hapohapo chumbani na zilinibana kiunoni, na moyo wangu ulikuwa ukidunda kama wa mtoto anayesubiri Idi.

*

Tulianza na kuanguka. Jumamosi asubuhi nilikipeleka kikundi kizima kwenye mchanga wa Jimbizi, maji yakiwa yamekupwa, nikawafundisha kufika chini bila kuumia: kidevu ndani, usiweke kiganja mbele, ukae kwanza kisha ulale, mgongo ujikunje kama kikapu. Wanawake wanaotoka kuokota kome walisimama kutucheka, kisha wakaweka ndoo chini wakatazama vizuri. Shangazi naye alitaka kujaribu, nikamkatalia, akakasirika kidogo.

Fimbo tulitumia mianzi. Ni myepesi, haiumizi sana ikikosea, na ikigongana inatoa mlio unaofika mbali. Sharti langu la kwanza lilikuwa macho. "Kabla ya kila pigo mtazamane," niliwaambia. "Usipoyaona macho ya mwenzako, usipige hata kama ngoma imefika."

Mvuvi ndiye aliyenipa kazi. Nguvu alikuwa nazo, mdundo alikuwa nao, lakini kila fimbo ilipokaribia kumfikia msichana, mkono wake ulipoa njiani.

"Mwalimu, mimi nyumbani nina dada tu," alilalamika. "Mkono haukubali."

"Nipige bwana!" msichana alifoka. "Mimi nakinga juu, wewe unachelewa, fimbo inanikuta nimeshashusha. Ukinihurumia ndiyo unaniumiza!"

Alisema kweli kabisa, na alisema vizuri kuliko nilivyowahi kueleza mimi. Kuanzia siku ile mvuvi alibadilika. Sio kwamba alipiga kwa nguvu. Alipiga kwa wakati. Fimbo zikaanza kukutana palepale ngoma inapolia, ta, ta-ta, ta, na wale wapiga ngoma, ambao mwanzo walikuwa wakituvumilia tu, wakaacha kuangalia pembeni. Mmoja akaniambia, "Mwalimu, kumbe hii ni ngoma nyingine." Nilifurahi sana.

Kofi lilikuja baadaye. Kwenye kisa, mlinzi anachoshwa na maombi ya yule msichana na kumzaba kofi, na kofi hilo ndilo linaloamsha vita. Kofi la jukwaani lina siri ndogo tu. Anayepiga anawapa watazamaji mgongo, na mkono wake unapita hewani mbele ya uso wa mwenzake, bila kugusa. Sauti anaitoa anayepigwa. Mikono yake iko kifuani, imefichwa na mwili wa mpigaji. Kile kiganja kikipita tu, anagonga viganja vyake mwenyewe, paa! na kutupa kichwa upande. Tulirudia mpaka mwangwi wa ghala ukawa unatutisha sisi wenyewe.

Lakini Shangazi, aliyekuwa amekaa mbali kabisa, kwenye mlango wa ghala, alitikisa kichwa.

"Kofi zuri. Fimbo sijaziona."

"Hujaziona vipi, Shangazi? Zimepita hapa!"

"Zimepita haraka. Mwalimu, wewe unawafundisha kupigana. Chukulia mimi nimekaa huku nyuma na bibi mmoja asiyeona vizuri. Tuambie fimbo inatoka wapi kabla haijatoka."

Nilikasirika, nakiri. Nilirudi nyumbani nikilaumu kimoyomoyo. Karani wa bandari alitumia miaka kunifundisha kuficha: usikunje uso, usivute mkono nyuma, adui asijue. Sasa naambiwa nitangaze! Nilisimama mbele ya kioo cha kabati nikapiga ngumi kama nilivyofundishwa. Sikuona kitu, kweli. Nikapiga tena, safari hii nikavuta mkono nyuma hadi kiwiko kikagusa ukuta, nikavuta pumzi, nikakodoa macho, kisha nikaachia. Mtoto wa jirani aliyekuwa akichungulia dirishani akakimbia akipiga yowe. Nikacheka peke yangu chumbani, nikapiga tena na tena. Kumbe ule mlango wa karate niliodhani nimeshaufunga ulikuwa na chumba kingine nyuma yake, na humo ndani ngumi ilikuwa na sura, na watu wangeweza kuiona ikija na kushika vifua vyao.

Kesho yake niliwafundisha upya, kila kitu kikubwa. Msichana wa Likawage alielewa mara moja. Alizoea kuimba hadi mtu wa benchi la mwisho kanisani asikie. Alivuta fimbo nyuma ya bega kama mtu anayetaka kupasua gogo, akamtazama mvuvi, akangoja pigo la ngoma, akaachia. Kule mlangoni Shangazi akapiga kigelegele.

*

Jukwaa lilijengwa kwa mbao kwenye uwanja karibu na soko. Nyuma yake tuliweka pazia la kanga alizoziunga Shangazi kwa cherehani yake, na mbele maiki mbili juu ya vyuma, na spika za kukodi. Onyesho lilipangwa baada ya swala ya alasiri. Kabla ya hapo uwanja ulishajaa: watu wa sokoni, walimu wenzangu, wanafunzi juu ya ukuta, wavuvi wa Kivinje waliokuja kwa pikipiki kumwona mwenzao, na akina mama wa kwaya wamekaa mstari mmoja na vitenge vyao vya sare.

Jambo moja hatukulijua. Wakati wa mazoezi mtu mmoja alikuwa ametupiga video kwa simu. Alikata kipande cha kofi peke yake, bila ngoma, bila wimbo, akakirusha kwenye makundi ya mtandaoni. Kutoka Masoko kikaenda Nangurukuru, na kutoka huko kikapanda hadi Likawage, kwa mjomba wake yule msichana, ndugu wa mama yake, ndiye aliyemlea. Alichokiona ni mpwa wake amesimama mbele ya dume la mtu, anazabwa kofi mpaka kichwa kinageuka, na watu pembeni wanashangilia.

Igizo lilianza vizuri kuliko mazoezi yote. Nilikuwa pembeni, nyuma ya kanga, nimezivaa nguo zangu nyeupe kwa ndani na dera juu, sijui kwa nini. Nadhani nilitaka tu ziwepo. Msichana aliingia amejifunga kaniki juu ya suruali, fimbo mkononi, akaimba wimbo wa kushuka mlimani. Watu walinyamaza hata muuza karanga akaacha kugonga kopo. Mlinzi akatoka, kizibao na kofia, mkali kama si yeye. Wakapokezana wimbo. Msichana akaomba. Akapiga magoti. Mlinzi akamwinua, akageuza mgongo wake kwa watu, akavuta mkono nyuma mpaka kila mtu akauona.

Paa!

Uwanja mzima uliguna. Mama mmoja wa kwaya akasimama: "Mwache mtoto wa watu!" Na mimi nyuma ya pazia nikaruka kwa furaha, maana lilikuwa kofi bora kuliko yote.

Ndipo sauti nyingine ikatoka nyuma ya umati.

"Nani huyo? Nani anampiga mwanangu?"

Alikuwa mzee mrefu, mwembamba, amejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope, na mkononi ana fimbo nyeusi ya mpingo. Watu walimpisha. Baadaye waliniambia walidhani ni sehemu ya igizo, baba wa binti amefika, na wengine walimpigia makofi. Alipanda jukwaani kwa hatua moja ndefu. Mimi nilimtazama Shangazi kuuliza huyu ni nani, naye alikuwa ananitazama mimi kuuliza vilevile.

"Mjomba!" msichana aliita. Hakuitikiwa.

Mpingo ulipanda. Mvuvi, maskini, hakujua kosa lake, lakini mikono yake ilikumbuka: aliuinua mwanzi wake juu ya kichwa, mlalo, kama tulivyofanya mara nyingi mchangani. Mpingo ulishuka na mwanzi ukapasuka vipande viwili. Hapo ndipo watu walipoanza kujiuliza. Mzee akainua tena fimbo, na sasa mvuvi hakuwa na cha kukinga.

Sikumbuki kupita kwenye pazia. Nakumbuka nilikuwa katikati yao, dera limepanda magotini, na mkono wangu umeukuta mkono wake ukishuka. Sikuuzuia. Karani wa bandari alinifundisha kwamba mkono unaoshuka hauzuiwi, unasindikizwa. Niliushika kwenye kifundo, nikatembea nao kidogo kuelekea chini na pembeni, mpaka ncha ya mpingo ikagusa mbao taratibu, na mimi na yule mzee tukabaki tumesimama uso kwa uso, karibu kabisa, mbele ya maiki. Alikuwa akihema. Mimi nilikuwa nahema. Miaka yote ile ya mazoezi na sikuwahi kumshika mtu kwa kweli. Na wa kwanza ni mzee wa watu! Nikasema neno la kwanza lililonijia.

"Shikamoo, mzee wangu."

Naye, macho bado mekundu kwa hasira, mkono wangu bado umemshika, akaitikia kwa jinsi alivyolelewa:

"Marahaba, mama. Hujambo?"

Spika zilitoa sauti hiyo mpaka baharini. Kicheko kilichotoka pale uwanjani sijawahi kukisikia tena. Watu walikuwa wanashikana mabega. Hata mzee aligeuka kutazama wanacheka nini, na katika kugeuka kule ule moto ukampungua kidogo.

Sasa tufanye nini? Shangazi alikuwa nyuma ya pazia ananipungia mikono, nami sikuelewa kama anasema tushuke au tuendelee. Aliyetuokoa ni yule msichana. Alisogea mbele ya mjomba wake, akapiga magoti, na badala ya kuongea akaimba, kwa sauti ileile ya wimbo wa kushuka mlimani:

*Mjomba watoka mbali, keti upumzike,*
*Shavu langu ni salama, njoo na ulishike.*

Mpiga ngoma mmoja, Mungu ambariki, akamfuata kwa vidole, polepole. Mzee alimsikiliza. Kisha akainama, akaweka fimbo chini, akamshika mpwa wake shavu la kushoto, akalipapasa. Akalishika la kulia. Akamgeuza uso huku na huku kama anayekagua embe sokoni. Hapakuwa na alama.

"Lakini nimesikia mlio," alisema, na maiki zikapokea.

Msichana akasimama, akamwambia mvuvi, "Nipige tena. Polepole, mjomba aone."

Mvuvi akavuta mkono. Mzee akaenda akainama nyuma ya kiwiko chake, macho sentimita chache kutoka kwenye kifua cha mpwa wake. Mkono ukapita hewani. Viganja vikagongana. Paa!

"Aaa!" mzee aliruka. "Kumbe ni wewe mwenyewe!"

Nyuma ya pazia Shangazi alishika kichwa kwa mikono miwili. "Siri yetu imekwisha," alininong'oneza niliporudi. "Sasa nani ataiogopa ile vita?"

Lakini kiti kililetwa, mzee akakalishwa palepale pembeni ya jukwaa, mvuvi akapewa mwanzi wa akiba, ngoma zikaingia kwa pamoja, na vita ikaanza. Nilikuwa nimeshika kanga kwa meno. Wale watu walikuwa wameshaonyeshwa hadharani kwamba kila kitu ni uongo, na bado, fimbo ya kwanza ilipogongana na ya pili, walipiga ukelele kama vile damu inamwagika. Kila pigo, ukelele. Msichana alipoteleza na kuanguka chali, wale mama wa kwaya walisimama wote. Alipobiringika na kuinuka, vigelegele vilifunika ngoma. Na mzee kwenye kiti chake alikuwa mbaya kuliko wote.

"Miguu! Mpige miguu! Anaacha miguu wazi huyo!"

Mwishoni mlinzi anarudi nyuma, anapigwa pigo la mwisho, anaanguka kutoka kwenye ngazi ya mlango. Mvuvi alianguka anguko zuri sana, mikono yote ikapiga mbao, jukwaa zima likalia kama tangi tupu. Mzee akainuka kwenye kiti, akaenda kumwinamia kuangalia kama yu hai. Mvuvi, ambaye alitakiwa kuwa maiti, akafungua jicho moja.

"Mzima, mjomba."

"Haya. Lala basi, wanakutazama."

*

Baadaye, tukila pilau nyumbani kwa Shangazi, mzee alitueleza. Aliiona video mchana wa jana yake, akashindwa kumpata mpwa wake kwenye simu, kwa sababu simu ya mpwa wake ilibaki ndani ya mkoba wangu, imezimwa, tangu mazoezi ya mwisho. Alikodi pikipiki alfajiri mpaka Nangurukuru, akapanda gari la kuja Masoko, na njia nzima alikuwa akifikiria sehemu gani ya mwili wa mtu inavunjika upesi. Mvuvi alisikiliza yote hayo na tonge mkononi, bila kulitia mdomoni.

"Wewe una dada?" mzee alimuuliza.

"Ninao, mjomba. Wengi."

"Ungefanyaje?"

Mvuvi alifikiri. "Ningekuja na watu."

Mzee alicheka mpaka akakohoa, akamsogezea bakuli la nyama. Msichana hakucheka sana. Alikuwa amechoka, na alimwegemea mjomba wake begani, akamwambia kwa sauti ndogo, kwa lugha yao ya nyumbani, jambo ambalo sikulielewa. Mzee akampapasa tena lile shavu.

Tulialikwa sehemu nyingi baada ya hapo. Likawage ndiyo ya kwanza, maana mjomba alikwishatutangaza kijiji kizima. Tulipofika pale penye kofi, alitoka nyuma ya umati akipiga kelele, na mpingo wake, akapanda jukwaani, na akaitikia "marahaba" vizuri kuliko siku ya kwanza. Hatukuwa tumepanga naye lolote. Kuanzia hapo Shangazi alimwandikia sehemu yake, na wimbo mfupi, ingawa sauti hana.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshakuwa mtu mwingine shuleni. Wasichana wa kidato cha pili walinifuata wakiwa kundi, wakinisukumia msemaji wao mbele, wakaniomba niwafundishe. Mkuu wa shule alisema tutumie uwanja wa netiboli baada ya masomo. Wanavaa suruali chini ya sketi, ushungi umefungwa kwa nyuma, na wakipiga kelele ya pigo wote kwa pamoja, ndege huruka kutoka kwenye miembe ya ofisi.

Mwaka huu tulikwenda Kitomanga, kisha Milola, watu wakiwa wameshavuna na wana nafasi. Milola mvua isiyo ya msimu ilitukuta katikati ya vita. Mbao zililowa zikawa kama zimepakwa mlenda. Niliwapungia mkono waache, mtu asije akavunjika, lakini mvuvi na msichana walitazamana, kama nilivyowafundisha, na nikaona kwamba wameshakubaliana. Wakashuka jukwaani na fimbo zao, wakaingia kwenye nyasi katikati ya watu. Watu wakafungua duara. Wapiga ngoma wakawafuata, ngozi za ngoma zimefunikwa kwa mapaja na kanga, wakipiga pembeni kwenye mbao tu. Hakuna aliyekimbilia barazani. Matope yaliruka, fimbo zililia, na walipomaliza watu wakadai irudiwe.

"Irudiwe?" Shangazi alisimama mvuani, miwani imejaa maji, haoni kitu. "Mimi nimetunga nyimbo mwaka mzima, ninyi mnataka vita tu?"

"Vyote, Shangazi!" walimjibu. "Rudieni na wimbo!"

Akageuka kunitafuta kwa mikono. "Mwalimu, uko wapi? Haya, waambie waanze. Ila waanzie kwenye ubeti wangu wa pili."